Bakshishi kwenye meza ya pool, Kisumu, Nakuru na Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wikendi, Kondele, Kakamega hata Section 58, na wanaouliza si wageni peke yao. Meza za sarafu zimetangulia kwa sababu ndizo zilizojaa mitaani. Kumbi zinazolipisha kwa saa zina sehemu yake mbele.

## Mambo ya msingi

1. Je, ni lazima kumpa bakshishi anayeangalia meza?

Si lazima. Hakuna sheria ya Kenya inayomlazimisha mteja kutoa bakshishi, na hakuna atakayekuzuia mlangoni eti umecheza michezo mitatu ukaondoka mikono mitupu. Ukishatia sarafu na mipira ikaanguka, umelipia mchezo wako.

Hata hivyo watu hutoa. Ukijua pesa ya meza inaelekea wapi (swali la 2) na kazi inayofanyika pale (swali la 3), utaelewa kwa nini.

2. Si nimeshalipa? Ile shilingi 20 inaenda kwa nani?

Haiendi kwa kijana aliyekupangia mipira. Katika baa nyingi za mitaani meza si mali ya mwenye baa. Ni ya mtu mwingine aliyeinunua na kuiweka pale kwa makubaliano. Siku waliyopatana anakuja na ufunguo, wanafungua kisanduku, wanamwaga sarafu juu ya meza, wanazipanga mafungu mafungu na kila mmoja anaondoka na chake. Kijana wa meza yuko katikati ya hao wawili. Kuna anayelipwa kwa siku, kuna anayepewa sehemu ndogo ya kilichopatikana, na kuna anayetegemea chakula cha jioni na kile wachezaji wanachomwachia.

Kisanduku kimefungwa. Akuhudumie vizuri namna gani, hakuna sarafu mle ndani anayoweza kuitoa na kusema hii ni yangu. Chake ni kile kinachoingia mkononi mwake.

3. Kwani anafanya nini? Mipira si naipanga mwenyewe?

Ukitaka kujua, fika mapema Jumamosi moja, kabla muziki haujapanda. Utamkuta anapiga brashi kitambaa kuelekea upande mmoja tu, kutoka mnakovunjia kwenda mnakopanga mipira, kwa sababu nyuzi zake zimelalia huko na ukizirudisha nyuma mpira unayumba. Kisha anaweka mpira mweupe katikati, anachuchumaa na kuutazama. Ukianza kujiviringisha wenyewe kuelekea shimo la kona, anakunja kipande cha katoni, anakipachika chini ya mguu wa meza na kujaribu tena. Fimbo iliyong'oka ncha anaibandika ngozi mpya kwa gundi, anaiacha ikauke, anaisugua kwa msasa hadi ikubali chaki.

Watu wakijaa, kazi inabadilika. Anakuvunjia noti ya mia kuwa sarafu tano. Anakumbuka nani anamfuata nani. Anaamua kama fimbo iligusa mpira au haikugusa, mbele ya watu wawili ambao kila mmoja ana uhakika wake na chupa yake. Anaondoa glasi ukingoni kabla haijamwagika kwenye kitambaa. Jioni ikipita bila kelele, aghalabu ni kwa sababu yake, na kwa kuwa hakukuwa na kelele hakuna anayemkumbuka. Hapo ndipo ninapoona bakshishi ina maana zaidi kuliko kwa kupanga mipira, kazi ambayo kweli yeyote anaiweza.

4. Kuna ambaye hapaswi kupewa?

Mwenye meza na mwenye baa. Wao tayari wanakula kwenye kisanduku. Ikiwa anayeangalia meza ndiye mwenyewe, mshukuru, nunua kinywaji, inatosha.

## Kiasi, wakati na namna ya kutoa

5. Nitoe pesa ngapi?

Achana na asilimia kwenye meza ya sarafu. Asilimia 10 ya shilingi 20 ni shilingi 2, na hata sarafu hiyo Kenya haina. Hesabu jioni nzima badala ya mchezo mmoja mmoja.

Kipimo ninachokiona cha haki ni bei ya mchezo mmoja kwa kila saa uliyokaa karibu na meza. Mahali mchezo ni 20, saa tatu ni kama 60, basi acha 50 au ongeza ufike mia. Ukicheza mara mbili tatu ukielekea nyumbani, si vibaya kuondoka na asante tu. Siku aliyokufanyia kazi ya ziada, mathali alikurekebishia fimbo au alisimamia shindano la marafiki zako toka mwanzo hadi mwisho, mia mbili haitamshangaza mtu.

Pesa nyingi kupita kiasi nayo ina shida. Ukiacha elfu moja kwa jioni ya michezo minne ili watu waone, Jumamosi ijayo utakuta wenzako wanaocheza pale kila siku wanatazamwa kama wabahili.

6. Nimpe mwanzoni au mwishoni?

Mwishoni, unaporudisha fimbo ukutani. Pesa iliyotangulia mchezo inanuka kama ya kununua kitu, na kwa kawaida kitu chenyewe ni foleni (swali la 12).

Kuna hali moja inayoruhusu mwanzoni. Mkiwa watu wengi na mmeomba mapema mtengewe meza mchana, wakati haina watu, mwachieni kitu mapema kwa sababu amekuja kazini kabla ya saa zake.

7. Pesa taslimu au M-Pesa?

Taslimu ni bora, na sarafu si aibu. Mbili za ndovu na moja ya simba, hiyo ni 50, na yeye kesho atazihitaji za kuvunjia wengine noti.

Ukitumia simu, angalia nambari unayolipia. Till iliyobandikwa kwenye kaunta ni ya biashara. Pesa ikiingia pale imeingia kwa mwenye baa, na mpaka imfikie kijana wa meza itahitaji mtu mwaminifu mwenye kumbukumbu nzuri. Muulize nambari yake mwenyewe, na kabla hujathibitisha soma jina linalotokea. Kumtumia mtu shilingi 100 au chini yake hakukatwi ada, kwa hiyo kisingizio cha gharama hakipo.

Neno moja kuhusu Fuliza: ukarimu wa mkopo usubiri mwisho wa mwezi.

8. Naweza kumnunulia kinywaji badala ya pesa?

Unaweza, lakini muulize kwanza. Watu sita wakimnunulia bia, kufikia saa nne hatajua nani alitia mpira gani, na nyumbani hakuna anayekula bia. Soda au sahani ya chipsi hupokelewa vizuri zaidi. Wengine wana utaratibu wao na kaunta: unalipia soda, haifunguliwi, anaichukua siku nyingine au anapewa pesa yake. Hayo ni yao na kaunta, usiyachimbe.

9. Tuko kundi. Nani atoe?

Changeni. Shilingi 20 kila kichwa, mmoja azikusanye na kumpa mara moja. Msipopatana mapema kila mtu atadhani mwenzake ametoa, na kijana ataona watu sita wakitoka huku wakimpigia saluti.

10. Nimeshinda mfululizo na sijatia sarafu hata moja tangu mchezo wa kwanza. Bakshishi inanihusu?

Wewe ndiye wa kwanza kuhusika. Desturi ya meza nyingi ni kwamba mshindi anabaki na anayeingia analipa. Ni desturi nzuri, lakini ina matokeo ya kuchekesha: mchezaji hodari ndiye anayetumia meza kuliko wote, anayechosha ncha ya fimbo kuliko wote, na anayelipa kidogo kuliko wote. Walioshindwa wamekulipia jioni. Wako watu hodari Nakuru na Kisumu wanaolijua hili, nao wakiaga huacha bei ya michezo mitatu minne bila kuulizwa. Wapo pia wanaoaga kwa kujisifu tu. Kijana wa meza anawajua wote wawili kwa majina.

Aliyeshindwa mchezo wa kwanza akaenda kukaa hana deni la mtu.

## Foleni

11. Zile sarafu zilizopangwa ukingoni mwa meza ni bakshishi?

La hasha, usiziguse! Ni foleni. Kila sarafu ni mtu aliye mahali fulani ndani ya baa, na mpangilio wake ndio mpangilio wa kucheza. Ukitaka kucheza weka yako mwisho wa mstari na ukumbuke inayoitangulia ni ya nani, maana zote zinafanana. Baadhi ya baa huandika majina ubaoni kwa chaki, na hapo ugomvi hupungua.

Sarafu yako ikifika zamu nawe uko nje kwenye simu, kwa kawaida itasogezwa nyuma nafasi moja. Ukirudi usimlaumu kijana.

12. Nikimpa mia anipeleke mbele, kuna ubaya gani?

Ubaya upo, na hili ndilo jambo ninaloshikilia kuliko yote kwenye ukurasa huu. Bakshishi ni shukrani kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Mia ya kupita watu ni bei, na unayemuuzia hasara ni yule mwenye sarafu ya tatu aliyekaa nusu saa akingoja na soda moja.

Tena unamponza kijana mwenyewe. Mamlaka yake yote pale ni kwamba watu wanaamini hesabu yake. Siku ikijulikana kwamba foleni inanunuliwa, uamuzi wake wa faulo nao utaulizwa umenunuliwa na nani, na usiku huo huo fimbo zitaanza kutumika kwa kazi nyingine. Ukiwa na haraka ya kweli, zungumza na mwenye sarafu. Mwambie, "Ndugu, nina gari la saa mbili, nipishe mchezo mmoja." Mara nyingi atakupisha, na unaweza kumlipia mchezo wake.

## Kumbi zinazolipisha kwa saa

13. Meza ya saa inahesabiwaje, na bakshishi yake ni ipi?

Saa huanza unapokabidhiwa mipira na kusimama unapoirudisha kaunta. Uliza mambo mawili kabla ya kuanza: kama dakika zinahesabiwa moja moja au kwa nusu saa, na kama bei hupanda jioni. Mizozo mingi ya bili ingekufa hapo.

Hapa asilimia ina maana kwa sababu kuna bili. Tuseme meza ni 300 kwa saa na mmecheza saa mbili. Bili ya meza ni 600. Kuacha 50 au 60 kwa aliyewaandalia meza ni uungwana wa kutosha. Kama kazi yake ilikuwa kukupa trei ya mipira na kuandika saa basi, ongeza tu bili ifike namba kamili na uende.

14. Bili ina gharama ya huduma. Niongeze tena?

Soma bili kwanza. Ikiwa hoteli au klabu imeweka gharama ya huduma, umeshachangia, na kuongeza ni hiari tupu. Ila muulize mhudumu kama wa meza naye anapata sehemu. Mara nyingi gharama hiyo hugawiwa wa jikoni na wa chakula, na wa pool anasahaulika.

15. Mhudumu wa vinywaji na wa meza ni watu wawili. Nitoe mara mbili?

Ndiyo, kama wote wawili walikuhudumia, na kila mmoja apewe chake mkononi. Usimpe mmoja "mgawane". Huo ni mtihani usio na lazima kwa watu wanaofanya kazi pamoja kila usiku.

16. Stima zikipotea katikati ya saa yangu?

Saa isimame. Ukumbi ulioendelea kuhesabu gizani umekosea, nawe una haki ya kukataa dakika hizo kwa upole. Kisumu mvua ya jioni ikianza kwa radi, watu wazoefu hutazama saa zao mapema na kumwambia aliye kaunta, "Omera, andika sasa hivi."

Kijana aliyeandika dakika ya stima kupotea kabla hujamkumbusha amekuokolea pesa. Mpe sehemu yake.

17. Nina wageni kutoka Marekani wanaotaka kuacha asilimia 20 ya kila kitu. Niwazuie?

Kwao asilimia 15 hadi 20 ya bili ya chakula ni kawaida, kwa hiyo wanafanya wanachokijua. Waache kwenye chakula wakipenda. Kwenye meza ya pool waeleze kwamba 100 mkononi inatosha na itapokelewa kwa furaha. Ulizia pia kama wanajua meza zetu: ni ndogo kuliko walizozoea, na mashimo yana midomo myembamba. Watashindwa sana, na bakshishi haitasaidia.

## Hali tatanishi

18. Sarafu imekwama na mipira haikuanguka. Kijana akinisaidia nimpe kitu?

Hiyo ni haki yako, si fadhila, kwa hiyo huna deni. Ila usianze kuipiga meza mateke. Ukisukuma kile kisukumio kwa nguvu zote huku sarafu imekaa upande, unaikaza zaidi. Kijana mara nyingi hana ufunguo (swali la 2), na dawa yake ni kuchokoa kwa subira. Akishindwa, mkumbushe amwambie mwenye meza kwamba una mchezo mmoja. Akikulipia sarafu kutoka mfukoni mwake ili mchezo uendelee, mrudishie mwenyewe jioni hiyo hiyo.

19. Nimechana kitambaa. Nimpe kitu tuyamalize?

Usifanye hivyo. Kitambaa ni cha mwenye meza, na ukimpa kijana mia mbili anyamaze, siku mwenye meza akija ni yeye atakayekatwa. Sema ukweli, acha nambari yako, patana na mwenyewe. Ncha ya fimbo iliyong'oka ni jambo jingine. Hiyo huchakaa, na hamsini ya gundi na msasa inafaa kabisa.

20. Tulicheza ya pesa. Mshindi amgawie?

Kwanza ujue kuendesha kamari bila leseni ni kosa, na polisi wakiingia hawaulizi nani alikuwa anatazama. Wanaocheza hivyo wana desturi ya mshindi kumwachia kijana kitu. Nisemalo ni moja: aliyeshika pesa zenu asipokee chochote kwa upande wowote kabla mpira mweusi haujaingia.

21. Ameniambia waziwazi, "Bosi, niachie ya chai." Je, ni utovu wa adabu?

Akiuliza mara moja, kwa utani, si kosa. Jibu kwa utani pia, ukiwa nayo au huna. Akikufuata hadi mlangoni, au akianza kukuchelewesha zamu kwa sababu juzi hukutoa, mwambie mwenye baa faraghani. Usimwaibishe mbele ya watu wanaotegemea uamuzi wake usiku mzima.

22. Mimi ni mwanafunzi, pesa yangu inatosha sarafu mbili tu.

Cheza. Karibu na Maseno, Njoro au Masinde Muliro, wa meza wanazijua siku za mwezi za wanafunzi kuliko wanafunzi wenyewe. Msaidie kukusanya fimbo na kurudisha chaki mahali pake. Hilo hukumbukwa.

23. Mimi ni mwanamke, na nikiacha bakshishi anadhani ni mwaliko.

Weka pesa juu ya ukingo wa meza mbele ya wenzako, sema "Ya kazi, asante," kisha geuka. Usitume kwa simu, kwa maana nambari yako itabaki kwake. Kama meza ile inakufanya ujihisi unatazamwa badala ya kucheza, sarafu zako zitapokelewa vizuri kwingine.

24. Anayepanga mipira anaonekana ni mtoto. Nimpe?

Sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuwa ndani ya baa, sembuse kufanya kazi humo usiku. Kumpa hamsini kunamfanya arudi kesho. Zungumza na mwenye baa, na ukiona hasikii, na chifu.

25. Niliyemzoea ameondoka na nilikuwa sijamlipa sarafu alizonikopesha.

Mwulize mwenye baa nambari yake umtumie moja kwa moja. Usimpe mrithi wake amfikishie, na usidhani deni limehamia kwa huyo mpya. Yeye anza naye upya, mwishoni mwa jioni, kama swali la 6.